Nakimbia kila wiki, mbona mafuta hayapungui?

SWALI: Habari za kazi, daktari. Mimi ni mama wa miaka 41, naishi Morogoro, nina kilo 86 na urefu wa sentimita 160. Kwa miezi minne sasa nakimbia kilomita 5 mara nne kwa wiki na kikundi chetu cha mchakamchaka. Ugali niliuacha kabisa. Wiki mbili za mwanzo nilipungua kilo 3, lakini tangu hapo mzani umegoma na kitambi kipo palepale. Je, niongeze kilomita? Wenzangu wananishauri nijifunge nailoni tumboni ninapokimbia na nisile kitu asubuhi kabla ya mazoezi. Nafikiria pia kujiandikisha kwenye nusu marathoni ya Moshi ili nipungue haraka. Naomba ushauri.

JIBU: Dada yangu, nakupongeza kwa kuendelea kukimbia miezi minne huku mzani haukupi moyo, kwa sababu wengi hukata tamaa mapema zaidi. Jibu langu kwa ufupi ni kwamba usiongeze kilomita kwa sasa. Mbio zako zinafanya kazi nzuri, ila si ile unayoitarajia, na kiasi kikubwa cha mafuta unayotaka yapungue kinaamuliwa jikoni na mezani. Naomba tufanye hesabu pamoja, maana bila hesabu jambo hili hubaki kuwa mabishano.

Mtu anapokimbia kwenye njia tambarare hutumia takriban kalori moja kwa kila kilo ya uzito wake kwa kila kilomita, na mwendo wa haraka au wa polepole haubadilishi sana kiasi hicho. Kalori ninayoitaja hapa ni kilokalori, ile inayoandikwa kwenye pakiti za vyakula. Kwa kilo zako 86 na kilomita 5, hiyo ni kama kalori 430. Tukitoa zile ambazo mwili wako ungezitumia hata kama ungekuwa umekaa kitini muda huohuo, zinabaki kama 380, na kwa mara nne kwa wiki zinakuwa 1,500 hivi. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takriban kalori 7,700. Kwa hiyo, hata kama hakuna kingine chochote kilichobadilika katika maisha yako, mbio za wiki nzima zingeondoa gramu 200 za mafuta, na za mwezi mzima hazingefikisha kilo moja. Ukizigawa zile kalori 1,500 kwa siku saba unapata 215 kwa siku, na chapati moja ya kawaida iliyochomwa kwa mafuta huwa na zaidi ya hizo.

Sasa nikuulize jambo ambalo hukulitaja: mkimaliza mchakamchaka mnaelekea wapi? Katika vikundi vingi ninavyovifahamu, mazoezi ya Jumapili huishia kwenye meza ya supu. Bakuli la supu ya mbuzi yenye mafuta yanayoelea juu, chapati mbili na soda moja baridi ya mililita 300 hufikia kalori 900 au zaidi. Yaani asubuhi hiyo umetumia 380 na umerudisha zaidi ya mara mbili yake kabla ya saa nne, na kwa kuwa umetoka kukimbia, dhamiri yako ni safi kabisa. Sisemi muiache supu, kwa sababu kikundi kisichokaa pamoja baada ya mazoezi hakidumu. Ninachoomba ni kwamba chapati iwe moja, maji yachukue nafasi ya soda, na mafuta ya juu yaenguliwe kwa kijiko.

Hesabu niliyoifanya hapo juu nayo ina upungufu wake, kwa sababu inadhani kwamba kila kalori unayoitumia kwenye mbio ni nyongeza kamili juu ya matumizi yako ya kawaida. Mwili hauko hivyo. Mwaka 2012 mtafiti wa Kimarekani Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo walivyowafanyia Wahadzabe wanaoishi kwa kuwinda, kuchimba mizizi na kurina asali karibu na Ziwa Eyasi, huku kwetu kaskazini mwa Tanzania. Waliwanywesha maji yenye alama maalumu ambayo, kupitia sampuli za mkojo, huonyesha mwili umetumia nishati kiasi gani kwa siku kadhaa. Wahadzabe hutembea mno kuliko mtu anayeshinda ofisini. Hata hivyo, baada ya kuzingatia ukubwa wa miili, nishati waliyotumia kwa siku haikutofautiana na ya watu wazima wa Marekani na Ulaya. Tafsiri ya watafiti hao ni kwamba mwili uliozoea kazi nyingi hubana matumizi mahali pengine, na wataalamu bado wanajadiliana ubanaji huo ni mkubwa kiasi gani kwa mtu wa kawaida. Kwako wewe ubanaji huo huenda unaonekana hata kwa macho: siku uliyokimbia asubuhi, jioni unakaa zaidi, unapanda bodaboda mahali ulipokuwa ukitembea, na unamwagiza mtoto dukani badala ya kwenda mwenyewe.

Hiyo ndiyo sababu sikushauri ukimbie kilomita 8 badala ya 5. Kuna na suala la magoti. Kila hatua ya kukimbia hukandamiza mguu kwa nguvu inayozidi uzito wa mwili mara mbili hadi tatu, na kwa kilo 86 ongezeko la ghafla la umbali huleta maumivu mapema kuliko linavyoleta wembamba. Ukitaka kuongeza kitu, ongeza kutembea kwa kasi nusu saa katika siku ambazo hukimbii.

Twende jikoni, ambako ndiko kwenye mambo mengi. Nikikutana na mtu ambaye uzito wake umekwama, swali langu la kwanza huwa ni hili: lita moja ya mafuta ya kula inakaa siku ngapi nyumbani kwenu, na mnakula wangapi? Wengi hawajawahi kufikiria, kwa sababu mafuta humiminwa moja kwa moja kutoka kwenye dumu hadi sufuriani, na hakuna anayeyaona tena baada ya mchuzi kuiva. Lita moja ina zaidi ya kalori 8,000. Nyumba ya watu wanne inayomaliza lita kwa wiki inampa kila mmoja zaidi ya 2,000 kwa wiki, yaani kuzidi zile 1,500 unazozitolea jasho barabarani. Ukianza kupima mafuta kwa kijiko cha mezani, ambacho kimoja kina kalori kama 120, na mboga ya familia ikapikwa kwa vijiko viwili au vitatu badala ya kumiminwa kwa makadirio, unaweza kupunguza nusu ya kiasi hicho bila kupunguza tonge hata moja. Tui zito la nazi na karanga za kusaga kwenye mchicha uvihesabu vilevile. Ni vyakula vizuri, lakini havitakiwi kuingia sufuriani pamoja na mafuta, na mama zetu waliopika kwa nazi hawakuwa na desturi ya kuongeza kikombe cha mafuta juu yake.

Baada ya mafuta, angalia kikombe cha chai. Vikombe vitatu kwa siku, kila kimoja kikiwa na vijiko vitatu vya sukari, ni kalori 150 au zaidi, na hapo bado hatujataja maandazi. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana iwe chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima ni kama gramu 25, sawa na vijiko sita vidogo kwa siku nzima. Punguza kijiko kimoja kila wiki mbili, ulimi huzoea. Juisi ya matunda iliyokamuliwa na kutiwa sukari nayo iweke kwenye hesabu hii, hata kama iliandaliwa nyumbani.

Kuhusu ugali, naona umeuonea. Zile kilo 3 zilizopotea katika wiki mbili za mwanzo hazikuwa mafuta matupu. Mwili huhifadhi wanga kwenye ini na kwenye misuli kwa umbo la glaikojeni, jumla yake ikiwa karibu gramu 500 kwa mtu mzima, na kila gramu hukaa pamoja na gramu tatu hivi za maji. Ukiacha ugali ghafla na kuanza kukimbia wakati huohuo, ghala hilo hupungua na maji yake hutoka, na mzani huonyesha furaha ambayo haikuhusiana sana na kitambi. Ghala likishatulia, mteremko huo wa haraka huisha, nawe unadhani mwili umegoma. Kumbe kilichokoma ni kutoka kwa maji, na mafuta yalikuwa yakipungua polepole au hayakuwa yakipungua kabisa tangu mwanzo.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha utafiti wa watu 609 uliochukua mwaka mzima. Kundi moja lilipunguza mafuta kwenye chakula, jingine likapunguza wanga, na makundi yote mawili yalielekezwa kula mboga nyingi na kukwepa sukari na unga uliokobolewa. Mwishoni kundi la kwanza lilikuwa limepungua wastani wa kilo 5.3 na la pili kilo 6.0, tofauti ambayo kitakwimu haikuwa na maana. Na ukitaka ushahidi wa karibu zaidi, utafiti uliochapishwa mwaka 2004 kuhusu wakimbiaji wa kiwango cha juu wa Kenya ulionyesha kwamba zaidi ya robo tatu ya nishati yao ilitokana na wanga, na ugali peke yake ulitoa karibu robo. Wanaume hao walikuwa na uzito wa chini ya kilo 60. Ni kweli kwamba mkimbiaji wa daraja hilo hupita kilomita 100 kwa wiki, kwa hiyo sahani yake haikufai wewe. Lakini mfano huo unatosha kuonyesha kwamba ugali wenyewe hauna kosa.

Urudishe ugali, ila upime unga badala ya kupima ugali, kwa sababu maji ndiyo yanayoamua tonge litakuwa kubwa kiasi gani. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kalori kama 360, na kwa mlo mmoja wa mtu anayetaka kupungua kiasi hicho kinatosha. Ukipata dona, chagua dona. Nishati yake haipishani sana na ya sembe, lakini nyuzinyuzi zake nyingi hukaa tumboni kwa muda mrefu zaidi. Sahani iwe nusu mboga za majani na mbogamboga nyingine, robo ugali, wali au ndizi, na robo inayobaki iwe samaki, kuku, mayai, dagaa, maharage au choroko.

Robo hiyo ya mwisho ndiyo ninayotaka uikazie macho. Mtu anayepungua kwa kula kidogo tu, bila mazoezi na bila protini ya kutosha, hupoteza misuli pamoja na mafuta, na misuli inaweza kufikia robo ya uzito wote uliopotea. Mzani hautofautishi. Kwa umri wa miaka 41, ambapo misuli huwa tayari imeanza kupungua taratibu, hiyo ni hasara ambayo mtu huja kuijutia akifika 60 na kushindwa kuinuka kwenye mkeka. Lenga gramu 80 hadi 100 za protini kwa siku. Mayai mawili yana gramu 12, kikombe cha maharage yaliyopikwa kina kama 15, gramu 100 za samaki aliyepikwa zina zaidi ya 20, na gramu 30 tu za dagaa wakavu, ambao bei yake si ya kuogopesha, zina karibu 18. Kisha, mara mbili kwa wiki, badilisha mbio kwa mazoezi ya nguvu: kuchuchumaa na kuinuka, pushapu za kuegemea ukuta au meza, na kunyanyua madumu ya maji kwa mikono miwili. Gharama ni sifuri, na misuli hupewa sababu ya kubaki.

Suala la nailoni halihitaji maneno mengi. Nailoni huongeza jasho, jasho ni maji na chumvi, na yote hurudi ukinywa glasi mbili. Kwa joto la Morogoro la mwezi wa Januari, kujifunga nailoni na kukimbia ni kujitafutia kiharusi cha joto. Mafuta hayatoki kwenye ngozi. Yanapochomwa hugeuka kuwa hewa ukaa na maji, na watafiti wawili wa Australia walionyesha mwaka 2014 kwamba katika kila kilo 10 za mafuta yanayopotea, kilo 8.4 hutoka kwa pumzi na 1.6 zilizobaki hutoka kama maji. Vilevile hakuna zoezi linalochagua mafuta ya tumboni peke yake. Mwili hutoa mafuta sehemu zote kwa mpangilio wake, na kwa wanawake wengi nyonga na mapaja huchelewa zaidi. Chai za kupunguza kitambi zinazouzwa mitandaoni uziepuke, maana nyingi zina senna, ambayo ni dawa ya kuharisha.

Kukimbia kabla ya kula asubuhi hakuna ubaya kama hujisikii kizunguzungu, ila usikitegemee. Ni kweli kwamba asiyekula huchoma sehemu kubwa zaidi ya mafuta wakati wa mbio zenyewe, lakini saa zinazofuata mwili hufidia, na hesabu ya siku nzima hubaki ileile. Wapo wanaofunga asubuhi kisha saa tano wakala kwa hasira. Kama wewe ni mmoja wao, ndizi mbivu moja kabla ya kutoka itakusaidia zaidi.

Baada ya kuzishusha mbio cheo namna hiyo, ni haki niseme zinachokufanyia. Mafuta mabaya kuliko yote ni yale yanayozunguka ini na utumbo, na mazoezi huyapunguza hata pale ambapo uzito wa jumla haujabadilika. Ndiyo maana nataka uanze kutumia futi ya fundi cherehani. Izungushe katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi, asubuhi, mara moja kwa wiki. Kwa mwanamke, kiuno kinachozidi sentimita 80 ni dalili ya hatari inayopanda, na kinachozidi 88 ni hatari kubwa. Inawezekana kabisa kwamba katika miezi hii minne umepungua sentimita kadhaa bila kujua. Mbio pia huifanya misuli ipokee sukari kutoka kwenye damu kwa urahisi. Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, watu waliokuwa karibu kupata kisukari walilenga kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki, na uwezekano wao wa kuugua ulishuka kwa asilimia 58. Asilimia 7 kwako ni kilo 6. Usijiwekee shabaha ya kilo 60 za siku za usichana. Weka 80 kwanza, kwa mwendo wa nusu kilo kwa wiki au pungufu.

Kazi ya tatu ya mazoezi huanza baada ya kupungua. Marekani kuna daftari lililoanzishwa mwaka 1994 ambalo hufuatilia watu waliopunguza angalau kilo 13.6 na kukaa mwaka mmoja au zaidi bila kuzirudisha. Wengi wao hufanya mazoezi karibu saa moja kwa siku, na zoezi wanalolitaja zaidi ni kutembea. Kupungua mtu anaweza kupungua kwa chakula peke yake, lakini wachache sana hubaki pale bila kuutumikisha mwili, kwa hiyo miezi minne uliyojenga mazoea haikupotea hata siku moja.

Kabla ya kubadilisha chochote, nenda kituo cha afya ukapime shinikizo la damu na sukari, na umweleze mhudumu dawa zote unazotumia. Sindano ya uzazi wa mpango ya kila miezi mitatu huongeza uzito kwa baadhi ya wanawake, na tezi ya shingo isiyofanya kazi sawasawa nayo huweza kuwa sababu. Kama unatumia dawa za kisukari, kupunguza chakula bila kumwambia daktari kunaweza kushusha sukari kupita kiasi.

Kuhusu Moshi, jiandikishe ukipenda, lakini kwa sababu ya kupenda mbio. Kujiandaa kwa kilomita 21 kunataka wanga wa kutosha kabla na baada ya mbio ndefu, na mtu anayejinyima chakula wakati huohuo hufika mstari wa kuanzia akiwa amechoka au ameumia. Katika tukio hilohilo huwa kuna mbio za kilomita 5, umbali ambao tayari unaumudu. Kimbia hizo safari hii, na ile nusu marathoni uiweke kwa mwaka unaofuata, ukishakaa kwenye kilo 80 kwa miezi mitatu mfululizo na ukaweza kukimbia kilomita 10 bila goti kulalamika.